Funga ya Arubaini: Kwaresima katika Historia ya Pemba

Katika kalenda ya Waswahili mwaka huhesabiwa kwa funga. Mwezi unaofuata Ramadhani tunauita Mfunguo Mosi, unaokuja baada yake Mfunguo Pili, na hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, kisha huingia Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Wazee waliotuachia majina haya walikuwa na hekima ya lugha. Walituambia, bila ya kutuhutubia, kwamba miezi tisa ya mwaka ni ya kufungua, na kwamba kufungua hakuna maana pasipo kufunga kulikotangulia.

Kitenzi hiki, kufunga, ni kizito kuliko tunavyokidhania. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, ndoa hufungwa, mtu hufungwa gerezani, na mja hufunga kwa ajili ya Mola wake. Mshairi anayekitumia hana budi kujua amekamata kamba ipi. Na mwanahistoria wa kisiwa hiki cha Pemba, ambako watu wengi walifungwa kabla ya kufunguliwa, hana budi kujua hivyo zaidi.

Makala haya yanakusudia kuitazama funga ya jirani zetu Wakristo, iitwayo Kwaresima. Wakristo wa Pemba ni wachache mno, na wengi wetu tunalijua jina la funga yao bila ya kuijua maana yake. Zipo dhana mbili zinazosikika barazani. Ya kwanza yasema kwamba Kwaresima ni Ramadhani iliyopunguzwa uzito. Ya pili yasema kwamba ni jambo la wageni, lisilo na mzizi wowote katika udongo wetu. Dhana zote mbili zinastahiki kupimwa, kwani penye jirani kutojuliwa hapakosi jirani kudharauliwa.

Hesabu ya arubaini

Neno Kwaresima asili yake ni Kilatini, quadragesima, yaani ya arubaini, nalo linafanana mno na Quaresma ya Wareno na Quaresima ya Wataliana. Kwa hiyo jina zima ni hesabu tu. Tukianza Jumatano ya Majivu na kukoma Jumamosi ya kuamkia Pasaka tutapata siku 46. Tukiondoa Jumapili sita, ambazo hazifungwi kwa kuwa kila Jumapili kwa Mkristo ni ukumbusho wa ufufuko, hubaki 40 kamili. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliitaja arubaini hii katika kanuni yake ya tano, tena kwa kupitia tu, kama jambo lililokwisha kujulikana na wasomaji.

Kwa nini arubaini? Wakristo hujibu kwa kuvitaja vitabu. Musa alikaa mlimani siku arubaini. Eliya alikwenda mwendo wa siku arubaini mpaka Horebu. Wana wa Israili walizunguka jangwani miaka arubaini. Na Yesu, kabla ya kuanza kazi yake, alifunga jangwani siku arubaini, akajaribiwa na Shetani, akashinda. Kila mahali hesabu hii inaonyesha mtu au umma uliovuliwa ulichokuwa nacho ili upewe kisichokuwa chake.

Lakini mtu wa pwani hahitaji kwenda Sinai ili aielewe hesabu hii. Mzazi wetu hukaa arubaini ndani kabla ya kutoka. Maiti wetu husomewa arubaini. Na wahenga wamesema kwamba siku za mwizi ni arubaini, maana yake kila jambo la siri lina siku yake ya kudhihirika. Uzazi, mauti na kufichuliwa, mambo haya matatu tumeyapa hesabu moja. Kwaresima nayo inayo yote matatu. Inaanza kwa mauti, pale Mkristo anapopakwa majivu pajini na kukumbushwa kwamba yeye ni mavumbi. Inapita katika kufichuliwa, pale anapoyaungama madhambi yake. Inaishia katika uzazi, kwa sababu tangu karne za mwanzo Kwaresima ilikuwa ndiyo muda wa kuwatayarisha walioomba kubatizwa, nao ubatizo wao ulikuwa usiku wa Pasaka. Majivu yenyewe ni ya matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Shangwe ya mwaka jana huchomwa moto ikawa toba ya mwaka huu.

Nguzo za funga hii ni tatu: sala, kufunga na sadaka. Zote tatu zimo katika sura ya sita ya Injili ya Matayo, ambamo Yesu anawaonya wafuasi wake wasifunge kwa kukunja nyuso ili watu wawaone, bali wanawe uso na kujipaka mafuta, ili ajuaye awe Mungu peke yake. Hapo pana fumbo linalowashughulisha hata Wakristo wenyewe, kwa maana maneno hayo husomwa siku ileile wanapotoka kanisani na majivu usoni. Jibu lao ni kwamba majivu hayatangazi wema wa anayefunga. Yanatangaza kwamba atakufa, na kwamba amekosa. Hakuna awezaye kujivunia hilo.

Kuhusu chakula, sheria ya Kanisa Katoliki ya leo ni kwamba wenye umri wa miaka 18 mpaka 59 hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa kula mlo kamili mmoja tu, na wenye miaka 14 na zaidi huacha nyama siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima. Mpemba aliyezoea kujizuia hata maji tangu alfajiri mpaka magharibi huenda akaiona sheria hii nyepesi kama unyoya. Lakini haikuwa hivyo zamani. Katika karne za mwanzo wafungao walikula mara moja tu, jioni, nao waliacha nyama, maziwa na mayai. Wakristo wa Orthodoksi wa Uhabeshi wanaishika njia hiyo hata leo, kwa siku 55 zisizo na chochote kitokacho kwa mnyama. Upande wa Roma sheria ililegezwa kidogo kidogo, na mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Paenitemini, aliuacha uzito mkubwa wa toba juu ya dhamiri ya kila muumini. Sheria ikipungua, dhamiri haina budi kuongezeka. Isipoongezeka, funga hubaki jina tupu, na hatari hiyo viongozi wa Wakristo wenyewe hawaachi kuitaja.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa ushairi watalionea ladha. Katika siku zote hizo, katika ibada za Kikatoliki, neno Aleluya haliimbwi. Linaondolewa katika nyimbo na katika sala mpaka usiku wa Pasaka. Ni kana kwamba lugha nayo imefunga. Sisi tunaopima mizani na kutafuta vina tunajua kwamba neno lililozuiwa kwa muda, siku litakaporudi, hurudi na uzito wake wote.

Kwaresima iliyokuja na merikebu

Funga hii ilifikaje pwani yetu? Vasco da Gama alitia nanga Msumbiji tarehe 2 Machi 1498. Jumatano ya Majivu ya mwaka ule ilikuwa tarehe 28 Februari, kwa hiyo merikebu zake ziliingia katika maji ya Waswahili Kwaresima ikiwa na siku mbili tu. Alifika Mombasa Jumamosi tarehe 7 Aprili, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Akaiona Malindi siku za Pasaka yenyewe, iliyoangukia tarehe 15 Aprili. Alipong'oa nanga Malindi kuelekea Bara Hindi tarehe 24 Aprili, kwa hesabu ya kalenda, Ramadhani ya mwaka 903 Hijria ilikuwa ikiandama. Funga moja ilimaliza, nyingine ikaanza, katika bandari moja.

Lau historia ingelikuwa shairi, hapo pangelikuwa mahali pa watu wawili wanaofunga kutambuana. Haikuwa hivyo. Katika Kwaresima ile ile mizinga ya Wareno ilifyatuliwa Msumbiji, na karibu na Mombasa mahabusi waliteswa kwa mafuta ya moto ili waseme kama pana hila. Mtu mwenye saumu ya tumbo hakuwa na saumu ya mkono. Nabii Isaya alikwisha kuwashutumu watu wa namna hiyo, nasi tutamrudia.

Pemba iliingia katika himaya ya Wareno kwa sababu ya rutuba yake, maana mchele na vyakula vyake viliilisha Mombasa. Mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu, na kabla ya karne kwisha mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino walikuwa wamekwisha kukaa Mombasa. Kijana Yusuf bin Hasan, aliyepelekwa Goa akalelewa na mapadri hao na kubatizwa Jerónimo, alirudishwa akawa mfalme, na katika cheo chake Pemba ilitajwa pamoja na Mombasa na Malindi. Mwezi wa Agosti 1631 alimwua kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wengi wao wakauawa. Mwaka 1698 ngome iliangukia mikononi mwa Waomani, na utawala wa Wareno katika sehemu hizi ukavunjika.

Hawakuacha kanisa hai Pemba. Wanasemekana kutuachia mchezo wa ng'ombe, na bila ya shaka walituachia maneno: meza, bendera, padri. Neno moja nataka tulizingatie. Wataalamu wa lugha hulifungamanisha gereza na igreja ya Kireno, ambayo maana yake ni kanisa. Mswahili aliliona jengo la ibada ndani ya kuta za ngome, akaona watu wakifungwa humo, akalichukua neno la nyumba ya Mungu akalifanya la nyumba ya pingu. Hakuna hukumu ya historia iliyo fupi na kali kuliko hiyo. Yeyote atakayekuja baadaye kuihubiri Kwaresima katika lugha hii ataihubiri kwa watu ambao kwao kanisa liliwahi kuwa jela.

Mwaka 1897

Waliokuja baadaye walikuja kwa sababu nyingine. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilishika uongozi wa karafuu, na karafuu zilitaka mikono, na mikono ile ilikuwa ya watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini kazi ya utumwa mashambani haikukoma. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria, Unguja na Pemba, ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897. Ilikuwa Kwaresima, siku kumi na mbili kabla ya Pasaka ya tarehe 18. Sidai kwamba waliotoa amri waliitazama kalenda ya kanisa. Sababu zao zilikuwa za kiserikali na za shinikizo kutoka Uingereza. Lakini Mkristo aliyefunguliwa hakukosa kuuona unasibu huo.

Amri yenyewe ilikuwa funguo nusu. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuudai uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kuishi. Fidia alipewa bwana, si yeye. Masuria hawakuingizwa mpaka amri ya mwaka 1909. Kusimamia mambo hayo Pemba aliteuliwa J. P. Farler, kasisi aliyewahi kuhudumu Magila.

Katika miaka ileile Wakristo wa aina mbili walifanya kazi kisiwani, na tofauti yao inaieleza maana ya Kwaresima kuliko hotuba nyingi. Weti walikaa Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyoletwa Unguja na Askofu Tozer mwaka 1864 na kujengewa kanisa na Askofu Steere palepale Mkunazini penye soko. Hao walikuwa watu wa mapokeo, wenye majivu, mavazi ya zambarau, maungamo na funga, na waliomtaka ubatizo walimpitisha katika mafunzo marefu. Karibu na Chake Chake, katika shamba la Banani, walikaa Marafiki, wanaojulikana pia kwa jina la Quakers, wakiongozwa na Theodore Burtt. Hao hawakuwa na padri, wala majivu, wala Kwaresima. Kwa itikadi yao siku zote ni sawa mbele ya Mungu, na ibada yao ni kukaa kimya pamoja mpaka moyo usemeshwe. Shamba lao lilikuwa la watu walioachwa huru, wakifanya kazi kwa ujira.

Kundi moja lilisema: tenga siku arubaini ili ukumbuke. Jingine lilisema: usitenge, usije ukasahau zilizobaki. Nani alikuwa na haki? Tukiyatazama matendo, yote mawili yalikuwa yakijibu swali moja la Isaya. Katika sura ya 58 ya kitabu chake, nabii huyu anawaambia wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao kwamba funga yao haisikilizwi juu. Funga anayoitaka Mungu ni kulegeza nira, kumwacha huru aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa mkate na kumwingiza nyumbani asiye na pa kulala. Mtu aliyefunguliwa chini ya mikarafuu ya Pemba hakuhitaji kufasiriwa maneno hayo kwa mfano.

Neno katika mikono ya mfasiri

Hapa ndipo lugha yetu ilipofanya kazi ambayo Kilatini na Kiingereza haziwezi. Wafasiri wa Biblia, tangu Steere mpaka wale wa tafsiri ya muungano iliyokamilika mwaka 1952, walilikuta Kiswahili kimekwisha kulelewa na Uislamu karne nyingi. Hawakubuni maneno mapya ya ibada. Walichukua sala, saumu, sadaka, toba na rehema, yaliyokuwa vinywani mwa watu. Mkristo wa Weti aliyetubu alitubu kwa neno la jirani yake Mwislamu. Kwa hiyo dhana kwamba Kwaresima haina mzizi katika udongo wetu si sahihi. Jina lake ni la mgeni, lakini viungo vyake vyote vinatamkwa kwa maneno ambayo bibi zetu waliyatumia.

Na katika sura ile ya Isaya wafasiri walipotaka kusema kwamba funga ya kweli ni ile inayowaachia walioshikwa, walikuwa na kitenzi kimoja tu kilichofaa, nacho ni kufungua, na jina vifungo lilitoka katika shina hilo hilo. Katika Kiingereza neno la kufunga chakula na neno la pingu hayana udugu. Katika Kiswahili ni watoto wa mama mmoja. Anayefunga anaulizwa na lugha yenyewe: umefunga nini, na umemfungua nani? Swali hili halina dini. Mwislamu naye huambiwa kwamba Mungu hana haja na njaa ya mtu asiyeacha uongo, naye hafungi Ramadhani yake mpaka zakatulfitri imfikie maskini.

Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924, ambaye Pemba ilikuwa ndani ya dayosisi yake, aliliona jambo hili waziwazi. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kuilaumu serikali ya nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za shuruti Kenya. Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, aliwaambia kwamba hawana haki ya kudai wanamwabudu Yesu altareni iwapo hawamhurumii katika vibanda vya maskini. Alikuwa mtu wa funga kali, na alijua funga inaelekea wapi.

Funga mbili chini ya mwezi mmoja

Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa jua, na Pasaka nayo huufuata mwezi mpevu wa baada ya tarehe 21 Machi. Kwa hiyo zote mbili humtazama mwezi, na kila baada ya miaka thelathini na kitu hukutana. Zilikutana mwaka 1993. Zikakutana tena mwaka 2025, Jumatano ya Majivu ilipoangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeingia siku chache tu kabla yake. Mwezi mzima Wapemba wa dini mbili walikuwa na njaa pamoja.

Si kila Kwaresima iliyopita visiwani humu ilikuwa ya amani. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi huko Unguja alipokuwa akienda kuongoza ibada. Ninalitaja jambo hili kwa sababu mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua tarehe zinazopendeza tu. Majivu yaliyopakwa Jumatano ile yalikwisha kusema kwamba mtu ni mavumbi. Hayakumpa yeyote idhini ya kumrejesha mwenziwe mavumbini kabla ya siku yake.

Basi zile dhana mbili tumezipima. Kwaresima si Ramadhani iliyopunguzwa. Ramadhani ni amri yenye mipaka ya alfajiri na magharibi, na utukufu wake umo katika utii wa umma mzima kwa pamoja. Kwaresima, kwa hali yake ya leo, ni safari ambayo sehemu kubwa ya mwendo wake huamuliwa na dhamiri, na mwisho wake ni mauti na ufufuko wa yule wanayemwamini. Wala si jambo lisilo na mzizi kwetu. Ilifika na mizinga ikashindwa. Ikarudi na waliofunguliwa, ikabaki. Kilichoibakisha si ngome. Ni kwamba mara ya pili ilikuja ikiwa na jibu la swali ambalo lugha yetu huliuliza.

Kamange na Sarahani walikuwa hai kisiwani humu siku ile amri ya 1897 iliposomwa, na vizazi vya washairi waliofuata vimerithi kutoka kwao ukali wa kupima neno kabla ya kulitoa. Tulipime na hili. Kila mwaka jirani zetu wachache wa Weti na Chake hufunga siku arubaini katika lugha ambayo haimwachi mtu afunge bila ya kumwuliza habari za kufungua. Swali hilo ni letu sote, nalo halingoji mwezi kuandama.